Sura na Uzani: Habari za Dinari ya Warumi

Katika lugha yetu neno moja, fedha, hubeba maana mbili ambazo mataifa mengine huzitenga. Sonara akilitamka, anakusudia madini meupe anayoyafua kuwa vikuku na pete; na mwenye duka akilitamka, anakusudia kile anachokihesabu magharibi kabla ya kufunga mlango, ijapokuwa aghalabu ni karatasi tupu. Waliotuachia lugha hii hawakukosea kuzikusanya maana hizo mahali pamoja, kwani ulikuwapo wakati, tena mrefu, ambapo mali ya kununulia na madini ya sonara yalikuwa kitu kimoja, na mtu aliyelipwa ujira wake alilipwa madini yenyewe kwa uzani unaojulikana, yakiwa yamepigwa chapa ya dola ili kumwondolea taabu ya kuchukua mizani kila aendako. Sarafu ninayotaka kumweleza msomaji habari zake ilizaliwa katika hali hiyo, ikawa fedha kwa maana zote mbili, na baada ya karne nne na zaidi ikafa ikiwa fedha kwa maana moja tu. Sarafu hiyo ni dinari ya Warumi.

Ni kitu kidogo. Ukiiweka kiganjani, upana wake hauzidi sana ukucha wa kidole gumba, wala mviringo wake haukukamilika, maana haikutoka katika mashine bali ilitoka chini ya nyundo ya mtu aliyekuwa akiharakisha kazi. Pembeni mwake huonekana nyufa ndogo ambapo madini yalitanuka yalipopigwa, na mara nyingi sura imeelemea upande mmoja na herufi mbili tatu zimeangukia nje ya ukingo. Hata hivyo, katika nafasi hiyo iliyo finyu mafundi wa Roma waliweza kukitia kichwa cha mtu na mishipa ya shingo yake, gari la vita na farasi wake wanne, merikebu na safu ya makasia yake, na maandishi yaliyokatwa katwa hata neno zima likabaki herufi tatu. Nami naona kwamba katika kila dinari wamo mashahidi wawili. Wa kwanza ni sura pamoja na maandishi, naye hutoa habari ya lile ambalo mwenye enzi alitaka watu walisadiki. Wa pili ni uzani na usafi wa madini, naye hutoa habari ya lile ambalo mwenye enzi aliweza kulitimiza. Anayetaka kuijua Roma hana budi kuwasikiliza wote wawili, kama kadhi asikilizavyo, bila ya kumpendelea yule mwenye maneno mazuri.

Dinari ilizaliwa vitani. Hannibal, jemadari wa Carthage, aliivuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Masihi, akaingia Italia pamoja na ndovu wake, na miaka miwili baadaye akaliangamiza jeshi la Roma huko Cannae. Na gharama za kumpinga zikaikausha hazina ya mji hata sarafu za zamani zikapunguzwa uzani na kughushiwa. Karibu na mwaka 211 Warumi walianza upya. Walitoa sarafu ya fedha iliyokaribia kuwa safi kabisa, 72 kwa kila ratili yao, yaani gramu 4 na nusu hivi kwa kila moja, wakaikadiria kuwa sawa na sarafu 10 za shaba, na kutokana na kumi hiyo ikaitwa denarius. Tarehe hiyo tumeipata katika kifusi: mji wa Morgantina, katika kisiwa cha Sicily, ulitekwa na Warumi mwaka 211, na dinari chache zilizokuwa mpya wakati huo zilifukiwa katika maangamizi yake, zikalala humo hata wachimbuzi wa Chuo Kikuu cha Princeton walipozifukua katika karne ya 20.

Juu ya uso wa dinari hizo za kwanza kulikuwa na kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya chuma yenye mabawa, naye ndiye Roma, mji uliofanywa mtu. Na nyuma ya kichwa chake alama ya X, ambayo kwa hesabu ya Kirumi ni kumi. Mgongoni walichorwa ndugu wawili pacha, Castor na Pollux, wako juu ya farasi waendao mbio, mikuki imeelekezwa mbele, na nyota moja juu ya kichwa cha kila mmoja wao. Warumi walihadithiana kwamba zamani, katika vita vya ziwa Regillus, pacha hawa walitokea ghafula wakawapigania. Basi askari aliyeipokea dinari ile, wakati Hannibal angali ndani ya Italia, alipokea pamoja na ujira wake habari ya kwamba mji wake ungali na wa kuupigania. Na madini yaliithibitisha habari hiyo, kwa sababu mji ulio katika dhiki ambao unaweza kulipa fedha safi ni mji ambao haujakata tamaa. Uzani wake baadaye ulishuka kidogo, zikafuliwa 84 kwa ratili, kisha ukatulia hapo kwa zaidi ya miaka mia mbili, jambo ambalo si akali kwa sarafu yoyote duniani.

Sarafu hizi zilipigwa juu ya kilima cha Capitolium, karibu na hekalu la mungu wao wa kike aliyeitwa Juno Moneta, na kutokana na lakabu yake hiyo ya Moneta mataifa kadhaa ya Ulaya yamepata neno lao la kuitia sarafu. Kila mwaka waliteuliwa vijana watatu wa nyumba kubwa kubwa kuisimamia kazi hiyo, na mmoja wao, Titus Carisius, mwaka 46 kabla ya Masihi aliona vema kuvichora juu ya dinari yake vyombo vilivyoizaa: fuawe, koleo na nyundo, na juu yake chuma cha chapa. Kwa vyombo hivyo twaweza kuifuata kazi yote. Fedha iliyeyushwa katika kalibu, ikasubiwa kuwa vidonge vilivyopimwa; chapa ya uso ikapachikwa katika fuawe; kidonge kikawekwa juu yake kwa koleo; na juu ya kidonge ikasimamishwa chapa ya mgongo, mtu mmoja akiishika na mwingine akaishushia nyundo. Pigo hilo lilizitia sura zote mbili kwa mara moja. Chapa zilichongwa kwa mkono, kinyume, kama ichongwavyo pete ya muhuri, na zilipochakaa zilichongwa nyingine. Ndiyo sababu dinari mbili za aina moja hazifanani sawasawa, na anayezizoea huweza kuutambua mkono wa fundi kama sisi tunavyoutambua mwandiko wa mtu tumjuaye.

Lakini fedha haikuota kilimani hapo. Sehemu kubwa ilitoka Hispania, ambako Warumi waliyarithi machimbo ya Carthage baada ya kumshinda Hannibal, na Polybius, mwandishi wa taarikhi, ametaja kwamba machimbo ya Carthago Nova peke yake yalikuwa na watu 40,000, wakiiletea Roma drakma 25,000 kila siku. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa, wakifanya kazi katika mashimo yasiyoingia jua. Dinari zilizotokana na jasho lao zilichorwa miungu na majemadari.

Wale vijana watatu, kwa kuwa walikuwa wakiianza safari ya kutafuta vyeo na watu hawajawajua, waligundua mapema kwamba hakuna mjumbe afikaye mbali kuliko sarafu. Kwa hivyo Castor na Pollux walianza kuwapisha mababu. Sextus Pompeius, mwaka 137 kabla ya Masihi, alimchora mbwa mwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus chini ya mtini, na pembeni mchungaji Faustulus, aliyewaokota, kwa kuwa ukoo wake ulijinasibisha na mchungaji huyo. Publius Porcius Laeca, mnamo mwaka 110, alimchora raia wa Roma akitishiwa na mtawala aliyevaa mavazi ya vita, na mtumishi mwenye fimbo amesimama tayari, na chini yao neno moja tu, PROVOCO, yaani naomba rufani. Maana mtu wa ukoo wake ndiye aliyepitisha sheria ya kumkinga raia asipigwe mijeledi bila ya kupata haki ya kukata rufani mbele ya watu wenzake. Tafakari jambo hilo: haki ya mnyonge imechongwa juu ya kitu ambacho mnyonge mwenyewe alikishika aliponunua ngano.

Iliyo nzuri kuliko zote, kwa rai yangu, ni ile ya Caius Mamilius Limetanus ya mwaka 82 kabla ya Masihi. Ukingo wake umekatwa meno meno kama msumeno, na mgongoni yupo mtu mzima aliyevaa kofia ya msafiri, ameegemea fimbo ndefu, akiunyosha mkono wake chini. Na mbele yake mbwa mkongwe amekiinua kichwa. Mtu huyo ni Ulysses, mfalme wa Ithaca katika hekaya za Wayunani, aliyerudi kwake baada ya miaka 20 akiwa katika sura ya maskini, wala katika nyumba yake nzima hakutambuliwa na mtu alipofika, ila mbwa wake Argos, aliyemwacha akiwa mtoto, alimjua, akatikisa mkia, akafa. Mamilius alidai kwamba nasaba yake yatoka kwa Ulysses, na kusudi lake lilikuwa kujifaharisha. Lakini fundi aliyeichonga chapa ile aliiona pia huruma iliyomo katika kisa, akaitia katika umbali wa nusu ukucha ulio kati ya mkono wa bwana na pua ya mbwa, na huruma hiyo ingali pale baada ya miaka elfu mbili, wakati fahari ya ukoo wa Mamilius imekwisha sahaulika.

Katika muda wote huo palikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyeivunja mjini Roma: mababu walichorwa, miungu ilichorwa, lakini mtu aliye hai hakuitia sura yake juu ya sarafu, kwa sababu hayo yalikuwa mambo ya wafalme, na Warumi walikuwa wamewafukuza wafalme wao karne nyingi kabla. Adabu hiyo ilivunjwa mwanzo wa mwaka 44 kabla ya Masihi, dinari zilipotokea zenye kichwa cha Julius Caesar, amevikwa shada, shingo yake nyembamba ina mikunjo ya utu uzima, na maandishi yanayomtaja kuwa dikteta wa maisha. Hazikupita wiki nyingi kabla ya tarehe 15 Machi, siku ambayo Warumi waliiita Ides, alipochomwa majambia na kuuawa mbele ya wazee wa Baraza.

Marcus Brutus, mmoja katika waliomuua, alikuwa yeye mwenyewe amewahi kuwa msimamizi wa sarafu katika ujana wake, na mwaka 54 alitoa dinari yenye kichwa cha mungu wa Uhuru na, mgongoni, babu yake wa zamani aliyesifiwa kwa kumfukuza mfalme wa mwisho. Sasa, akiwa uhamishoni na jeshi lake, mnamo mwaka 42, alitoa dinari ambayo haina mfano. Mgongoni mna majambia mawili yaliyosimamishwa, ncha zao chini, na mipini yao haifanani, maana waliochoma walikuwa wengi. Kati yake ipo kofia ndogo ya mviringo, ile ambayo mtumwa wa Kirumi alivikwa siku ya kuachwa huru. Na chini herufi EID MAR, yaani Ides za Machi. Hapana hutuba ndefu iliyowahi kusema zaidi ya hayo: kwa vyuma hivi, siku hii, mlitolewa utumwani mkawa waungwana. Lakini igeuze sarafu hiyo. Usoni kipo kichwa cha Brutus mwenyewe, naye yu hai. Mtu aliyemuua mwenzake kwa kujifanya mfalme alilifanya juu ya fedha tendo lile lile la kifalme, na upande mmoja wa sarafu ukaukana wa pili. Mwaka huo huo alishindwa vitani Philippi, akajiua.

Wafuasi wa Caesar waliobaki wakagombana. Marcus Antonius, alipokuwa akijitayarisha kupigana na Octavianus, alitoa dinari kwa wingi mno ili awalipe askari wake, kila kikosi na dinari yake yenye nambari yake: usoni merikebu ya vita yenye safu ya makasia, mgongoni tai wa kikosi kati ya beramu mbili. Zilikuwa nzuri kwa sura, na kwa madini zilikuwa pungufu, kwani alizichanganya na shaba kuliko ilivyokuwa kawaida. Mwaka 31 alishindwa huko Actium, na ungelidhani kwamba sarafu zake zingezama pamoja naye. Bali ziliendelea kupita mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka mia mbili, hata tai akafutika kwa kusuguliwa. Sababu yake ni ya sokoni: mtu mwenye dinari mbili, moja safi na nyingine pungufu, huiweka safi sandukuni na kuitoa ile pungufu kununulia.

Octavianus, ambaye ndiye Kaisari Augustus, aliyaokota yote yaliyojifunzwa na waliomtangulia. Baada ya kuitwaa Misri alimchora mamba mmoja tu, na maneno AEGVPTO CAPTA, yaani Misri imetekwa. Na tangu zama zake uso wa dinari ukawa mahali pa Kaisari, wakati mgongo ukawa mahali pa kauli yake. Ndipo yakaja majeshi ya wanawake waliosimama, ambao mtu asiyezoea hudhani ni mmoja: Amani ameshika tawi la mzeituni, Haki ya Vipimo ameshika mizani, Bahati ana usukani wa chombo, kwa kuwa yeye ndiye aziongozaye safari za wanadamu, Matumaini amebeba ua huku ameinua upindo wa nguo, Siha anamlisha nyoka katika bakuli, na Chakula cha Mji amesimama kati ya pishi ya ngano na omo ya merikebu, maana ngano ya Roma ilivushwa bahari kutoka Misri na Afrika. Mtu asiyejua kusoma aliwajua wote kwa vitu walivyovishika, kama sisi tunavyomjua seremala kwa randa yake.

Afrika naye alipata sura. Kaisari Hadrianus, aliyezunguka karibu mikoa yote ya dola yake, alitoa katika miaka ya mwisho ya enzi yake dinari za nchi alizozitembelea, na katika mojawapo amelala mwanamke aliyejiegemeza kwa kiwiko, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, mkonga na pembe zimejitokeza mbele. Mkono mmoja ameshika nge, mwingine ameshika pembe iliyojaa matunda, na karibu yake pana kikapu cha mavuno. Juu yake limeandikwa AFRICA. Jina hilo wakati ule lilikuwa la jimbo lililo pande za Tunisia ya leo, wala halikuwa limeenea bara zima. Na Mrumi alipoiangalia sura ile aliona mambo matatu aliyoyatazamia kutoka huko, nayo ni mnyama mkubwa, hatari, na shibe.

Thamani ya dinari katika maisha ya watu twaweza kuijua. Katika Injili ya Mathayo vibarua wa shamba la mizabibu wanapatana na bwana wao kwa dinari moja kwa siku. Na askari wa Augustus alipewa dinari 225 kwa mwaka, tena alikatwa humo chakula na mavazi. Na ile sarafu ambayo Yesu aliomba aonyeshwe, akauliza sura na maandishi yaliyo juu yake ni ya nani, wengi hudhani ilikuwa dinari ya Kaisari Tiberius, yenye kichwa chake kilichovikwa shada na, mgongoni, mwanamke aliyeketi na fimbo ya enzi. Hata katika kisa hicho twaona jinsi sura ilivyokuwa na nguvu: swali zima lilitegemea kichwa kilichomo katika kiganja cha mtu.

Lakini hapa ndipo nitakapomwomba msomaji amsikilize shahidi wa pili. Katika mwaka 69 baada ya Masihi makaisari wanne walifuatana, Galba, Otho, Vitellius na Vespasianus, na majeshi yalichinjana kwa ajili yao. Dinari zilizotolewa katika fitina hiyo zinaonyesha mikono miwili iliyoshikana kwa mapatano, na maneno FIDES EXERCITVVM, yaani uaminifu wa majeshi. Na Otho, aliyetawala miezi mitatu kisha akajiua kwa jambia, alitoa dinari yenye mwanamke wa Amani na maneno PAX ORBIS TERRARVM, amani ya ulimwengu wote. Hakuna anayetangaza uaminifu wa majeshi wakati majeshi ni maaminifu. Tangu hapo nimejifunza kuzisoma dua hizi za Kirumi kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa: mahali anapopagusa mara kwa mara ndipo panapouma.

Na fedha yenyewe ilikuwa imeanza kuugua. Nero, mwaka 64, aliupunguza uzani wa dinari, zikapigwa 96 kwa ratili badala ya 84, akaongeza na shaba. Kupungua huko kulikuwa kwa taratibu, wala hakukuwa na siku ambayo mtu angeweza kusema, leo dinari imekufa. Kaisari mmoja aliirudisha kidogo, wa pili akaipunguza tena. Vita vya mipakani vilizidi, tauni ilipita, na kila mwenye kutaka kiti alilazimika kuwaongeza askari ujira kuliko aliyemtangulia. Chini ya Septimius Severus, mwisho wa karne ya pili, fedha ilikuwa karibu nusu tu ya dinari. Mwanawe Caracalla, mwaka 215, alitoa sarafu mpya iliyomchora na taji la miale ya jua, akaamrisha ipokewe kwa dinari mbili, hali fedha iliyomo ndani yake ilikuwa ya dinari moja na nusu.

Miaka hamsini baadaye sarafu hiyo ya miale ilikuwa shaba tupu iliyopakwa weupe, na katika mia yake fedha haikufika hata tano. Waswahili wana msemo, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na sijui kama umewahi kuthibitika kwa kitu kuliko kwa sarafu hizi, ambazo zilitoka kiwandani zinang'aa, na baada ya miezi ya kusuguliwa mifukoni zilionyesha wekundu wake kwanza kwenye pua ya Kaisari na kwenye shavu lake, yaani palipoinuka zaidi. Kaisari wa wakati huo, Gallienus, baba yake alikuwa ametekwa na Waajemi mwaka 260 asirudi tena, na majimbo mazima yalikuwa yamejitenga naye. Nazo sarafu zake zimechorwa Amani, na Ushindi, na mwanamke aliyeegemea nguzo kwa starehe chini ya maneno SECVRIT PERPET, usalama wa milele. Mwaka 268 aliuawa na maamiri wake mwenyewe. Na amri ya bei aliyoitoa Diocletianus mwaka 301 inaonyesha mwisho wa safari: ratili ya dhahabu, ambayo zama za Augustus ilipatikana kwa dinari elfu moja na kidogo, sasa imewekwa kwa dinari 72,000.

Walikuwapo waliong'amua upungufu huo mapema, nao ni wale ambao Kaisari hakuweza kuwaamrisha. Tacitus, mwandishi wa taarikhi wa Kirumi, ameandika kwamba Wajerumani, ng'ambo ya mpaka, walizipendelea dinari za zamani zilizojulikana kwao tangu siku nyingi, zile zenye meno ukingoni na zile zenye gari la farasi wawili. Kadhalika katika India ya kusini akiba za fedha ya Kirumi zilizofukuliwa aghalabu ni za Augustus na Tiberius, zilizopigwa kabla ya Nero. Biashara hiyo ilikuwa kubwa. Plinius, mwandishi mwingine wa Kirumi, alilalamika kwamba India iliimeza kila mwaka sesterce milioni 50 za dola, ambazo ni dinari milioni 12 na nusu. Mfanyabiashara Myunani wa Misri aliyeandika katika karne ile kitabu cha Periplus cha Bahari ya Erythra ametaja kwamba huko Barygaza, katika Gujarat, dinari za dhahabu na za fedha zilibadilishwa kwa faida. Na katika kitabu hicho hicho ametuachia habari za pwani yetu, aliyoiita Azania, na bandari yake ya Rhapta, ambako wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vioo, wakachukua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Wanunuzi wa mbali hawakujua kusoma PAX wala VICTORIA, nao Kaisari hakuwa na askari wa kuwalazimisha. Waliipima dinari, na kwa kuipima wakajua habari za Roma ambazo Warumi wenyewe hawakuzisoma juu ya sarafu zao.

Dinari ilipokufa, jina lake halikufa. Waarabu walilipokea kwa njia ya Wayunani wakaiita kwa jina hilo dhahabu ya Byzantium, na katika mwaka 77 wa Hijra khalifa Abd al-Malik alitoa dinari isiyo na sura ya mtu wala ya mnyama, bali maandishi tu yanayoishuhudia imani. Uingereza nayo, katika hesabu zake za pauni na shilingi, peni iliandikwa kwa herufi d, ambayo ni herufi ya kwanza ya denarius. Na sisi wenyewe, bila ya kujua, tuliwahi kuibeba Roma katika kanga na mifuko yetu: shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na simba mbele ya milima kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili kichwa cha mfalme amevaa taji, kikizungukwa na Kilatini, GEORGIVS V REX ET IND: IMP:. Herufi IMP ni zile zile alizoziandika Brutus kando ya kichwa chake.

Lakini ufananaji wa shilingi ile na dinari haukuishia katika herufi. Rupia iliyotumika Kenya na Uganda kabla yake ilikuwa fedha sehemu 917 katika 1,000. Florini ya mwaka 1920 ilikuwa sehemu 500. Shilingi ya mwaka 1921 sehemu 250. Na ile ya mwaka 1948 haikuwa na fedha hata chembe. Mwendo ule ambao Roma iliuendea kwa miaka mia mbili hivi, nchi zetu ziliumaliza kwa muda usiofika miaka thelathini, na simba hakubadilika wala milima haikusogea. Aliyeligundua jambo hilo ni sonara. Mteja aliyetaka kikuku alimpelekea rupia za kuyeyusha, naye akazipokea. Lakini alipopelekewa shilingi alizirudisha, bila ya kumtazama mfalme wala simba, akisema hizi ni za dukani. Siku hiyo zile maana mbili za neno fedha ziliachana juu ya meza ya kazi yake, kama zilivyoachana katika mikono ya Wajerumani wa Tacitus, na kwa sababu ile ile.